Kandambili Mbele ya Friji

Ndugu msomaji, ukizitembelea nyumba nyingi za huku kwetu Kunduchi, na hapana shaka za Manzese, Mbagala na Tandika pia, utaliona jambo moja ambalo wenyeji wake wamelizoea kiasi cha kutoliona tena. Mbele ya friji zimewekwa kandambili. Hazikusahauliwa pale, zimewekwa makusudi, na kila anayeishi katika nyumba hiyo, pamoja na mgeni aliyewasili jana kutoka bara, amekwisha kuambiwa: "Usilifungue friji miguu mitupu, linapiga shoti."

Nyumbani kwangu, Kunduchi Mtongani, kandambili hizo zilikaa mahali pake kwa muda wa miezi minane. Naona haya kuandika hivyo, kwani mimi ndiye ninayekueleza katika ukurasa huu kila Jumapili jinsi ya kuitunza nyumba. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Friji lilianza kwa kutekenya vidole tu, tukacheka. Kisha likawa linauma, tukatafuta kandambili. Tulidhani tumekwisha kulimaliza tatizo, kumbe tulikuwa tumelivika viatu.

Jumapili moja jioni binti yetu wa mwisho, ambaye ana umri wa miaka minne, alitoka kuoga. Maji yalikuwa yakimtiririka, na sakafu ya saruji ilikuwa imelowa. Kandambili hazikuwapo, kwa sababu kaka yake alikuwa amezivaa kwenda dukani. Mtoto alitaka maji ya baridi, akaushika mpini wa friji kwa mikono miwili. Tulisikia ukelele mmoja, kisha kishindo. Tulipofika tulimkuta amekaa chini, hatua moja kutoka mlangoni mwa friji, akivitazama viganja vyake bila ya kulia. Alikuwa mzima, alhamdulillahi. Lakini usiku ule mama yake hakulala, nami sikulala.

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una kweli yake, lakini hapa hauna nafasi. Ajali ya namna hii inayo kinga, na kinga yenyewe huanzia katika waya mmoja mwembamba wa rangi ya kijani. Leo nataka tuuzungumze waya huo, na soketi ambayo hapana budi ufungwe ndani yake.

Mzee na kigoda chake

Asubuhi yake nilimwendea jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya umeme kwa zaidi ya miaka thelathini na ambaye hadi leo anayo leseni yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya friji." Habari ilikuwa imekwisha kumfikia.

Nilimwomba anifundishe kuibadilisha soketi ya friji kwa mikono yangu mwenyewe. Alikubali kwa sharti moja. "Soketi utaifunga wewe, nami nitakaa kwenye kigoda nikutazame. Lakini mita hutaigusa, wala meinswichi hutaitia bisibisi. Hivyo vina wenyewe."

Sharti hilo si la mzee peke yake. Kwa mujibu wa kanuni, kazi ya kutandaza umeme ndani ya nyumba ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na leseni hizo zimegawanywa katika madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa si ruhusa ya kila mtu kuubomoa ukuta wake. Nayaeleza ili uijue kazi njema inavyofanywa, upate kumsimamia fundi wako, hata kama hujawahi kushika bisibisi maishani mwako.

Zima, kisha hakikisha

Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa hili: "Umeme kukatika si umeme kuzimwa." Wako watu ambao hungoja umeme ukatike mtaani ndipo wazifungue soketi zao, wakidhani wamepata nafasi. Umeme uliokatika hurudi bila ya kubisha hodi. Anayetaka kufanya kazi na azime meinswichi kwa mkono wake, awaarifu watu wote wa nyumbani, na abandike karatasi yenye maneno "USIWASHE" ili mtoto anayetaka kutazama televisheni asije akamwua baba yake. Nyumba yenye jenereta, betri za akiba au umeme wa jua ihakikishiwe kwamba navyo vimezimwa, kwani umeme waweza kuingia kwa mlango wa nyuma.

Baada ya kuzima, hakikisha. Mafundi wengi hutumia testa ile ya bisibisi yenye kitaa kidogo ndani. Mzee haiamini. Kitaa hicho huwaka kwa kuupitisha umeme kidogo katika mwili wa aliyeishika, na ukisimama juu ya ubao mkavu au umevaa viatu vya mpira, huenda kisionekane kuwaka ilhali umeme upo. Yeye alikuwa na mita yenye waya mbili. Aliijaribu katika soketi kabla ya kuzima, ikasoma volti 230 hivi, ambazo ndizo za umeme wa majumbani kwetu. Akazima, akaijaribu tena, ikasoma sifuri. Kisha akaijaribu mara ya tatu upande wa juu wa meinswichi, ambako umeme wa TANESCO huendelea kuwapo hata swichi ikizimwa, mahali ambapo mimi alinikataza kufika. Alitaka kuwa na yakini kwamba ile sifuri ilikuwa sifuri ya umeme, si sifuri ya mita iliyokufa.

Tulichokikuta ukutani

Nililegeza skrubu mbili za uso wa soketi, nikaivuta taratibu. Harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka. "Kabla hujagusa kitu, piga picha kwa simu yako," mzee akasema. Picha hiyo itakukumbusha kila waya ulikuwa wapi, hasa ukikuta nyaya mbili mbili katika kila tundu, moja ikiingia na nyingine ikiendelea kwenye soketi ya pili.

Soketi yetu ya matundu matatu ina sehemu tatu za kufungia nyaya. Yenye herufi L ni ya waya wa moto, ule unaoleta umeme. Yenye N ni ya nyutro, waya unaourudisha. Yenye E, au alama ya mistari mitatu inayopungua urefu, ni ya ethi. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu, nyutro ni mweusi na ethi ni wa kijani. Siku hizi hukutwa pia waya wa moto wa kahawia, nyutro ya buluu, na ethi ya kijani yenye mstari wa manjano. Nyumba iliyoongezwa chumba baada ya chumba huweza kuwa na rangi zote hizo, na fundi aliyeishiwa waya huweza kutumia wowote uliopo mfukoni. Kwa hiyo rangi ni salamu tu. Mita ndiyo ushahidi.

Katika soketi yetu skrubu ya waya wa moto ilikuwa imelegea, na ganda la waya limegeuka jeusi. Shaba yake ilikuwa na kutu ya kijani, kwa maana upepo wa bahari wa Kunduchi una chumvi, nayo chumvi haina huruma na shaba. Mzee akanipigia hesabu ndogo. Kiungo kilicholegea huwa na ukinzani. Tuseme ni nusu omu tu. Ukipitisha ampea 10 katika kiungo hicho, joto lake ni wati 50. Ni sawa na kuificha balbu ya wati 50 ndani ya ukuta, ikiwaka mahali ambapo hakuna anayeiona. Hivyo ndivyo soketi inavyoungua ilhali hakuna kilichopiga shoti. Soketi yenye joto, yenye kunguruma, au iliyogeuka rangi ya chai, inakuomba msaada. Usiifunike kwa kalenda.

Lakini hilo silo lililomwangusha binti yangu. Nilipomulika ndani ya kasha nikauona waya wa kijani. Ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma kabisa, haukufungwa popote. Fundi aliyeifunga nyumba ile alikuwa ameuleta hadi pale, kisha akaona hauhitajiki.

Waya wa tatu

Kwa nini fundi aone hauhitajiki? Kwa sababu friji hufanya kazi bila ya waya huo. Taa huwaka, pasi hupata moto, televisheni husema. Waya wa moto na nyutro huonekana kila siku kwa kazi zao. Waya wa tatu hauna kazi hadi siku ya balaa, na aliyekata hapo alikuwa amekwisha kulipwa na kwenda zake.

Kazi yake ni hii. Friji lina bodi ya chuma, na ndani mna nyaya na mota. Ganda la waya likichakaa, umeme huvuja na kuingia katika bodi. Ikiwa ethi imefungwa, umeme huo hupata njia rahisi ya kwenda ardhini. Ikiwa haikufungwa, umeme hukaa pale katika chuma ukimngoja mtu. Mwili wa binadamu uliolowa maji huweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya volti 230 kwa 1,000, utapata miliampea 230. Miliampea 50 tu, zikipita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, huweza kuuvuruga mpigo wa moyo. Binti yangu aliokolewa na jambo moja: friji letu lilikuwa bado linavuja kidogo. Nani angetujulisha siku ya kuvuja sana?

Na kandambili? Kandambili huzuia njia moja, ile ya miguuni. Mtoto akiushika mpini kwa mkono mmoja na bomba la maji kwa mkono wa pili, umeme utapita kifuani, na kandambili zitakuwa mapambo.

Niliukata waya ulioungua hadi kwenye shaba inayong'aa, nikamenya sentimeta moja hivi, nikaukunja mara mbili ili skrubu iushike vema. Waya wa kijani ulikuwa mfupi mno, basi mzee akanipa kipande cha kuungia na kiungio chake. Nilianza na ethi, kisha nyutro, mwisho waya wa moto. Kila nilipokaza skrubu niliuvuta waya kwa vidole. Usiobanwa vizuri hutoka hapo hapo, na ni afadhali utoke mkononi mwako kuliko utoke usiku wa manane. Soketi mpya nilikuwa nimeinunua yenye alama ya TBS, nzito mkononi, yenye viungo vya shaba nyeupe. Soketi nyepesi kama kibiriti, ambayo skrubu yake huzunguka bila ya kukaza, ni hasara hata ukipewa bure.

Ethi iliyoning'inia

Nilipomaliza nilitaka kuwasha. Mzee hakuinuka. "Huo waya wa kijani unakwenda wapi?" akauliza.

Nikasema unakwenda ardhini.

"Nionyeshe ardhi yenyewe."

Tukazunguka nyuma ya nyumba. Kila nyumba yenye umeme yapasa kuwa na fimbo ya chuma iliyovikwa shaba, ambayo mafundi huiita ethi rodi, iliyokitwa ardhini na kuunganishwa kwa waya na meinswichi. Ya kwetu ilikuwa nyuma ya tangi la maji. Kibanio chake kilikuwa kimeliwa na kutu, na waya ulikuwa ukining'inia hewani, shibiri moja kutoka kwenye fimbo.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini hakuinuka. Kama ningewasha, ethi za soketi zote zingekuwa zimeunganishwa pamoja lakini hazikuungwa na ardhi. Siku pasi ya chumbani ingeharibika, umeme wake ungesafiri kwa waya wa kijani hadi kwenye bodi ya friji la jikoni, na kwenye mashine ya kufulia, na kwenye kila chuma kilichochomekwa. Waya uliowekwa kuokoa watu ungekuwa umegeuka wa kuwagawia hatari. Ethi nusu ni hatari kama ukosefu wa ethi, na pengine kuipita.

Kazi iliyobaki aliifanya yeye. Alikita fimbo mpya mahali penye unyevu karibu na bafu, kwa sababu mchanga mkavu wa pwani hupitisha umeme kwa shida. Kisha akaipima. Kipimo ni muhimu, nami nakuomba umdai fundi wako akuonyeshe. Chukua mfano wa fimbo yenye ukinzani wa omu 20. Umeme wa volti 230 ukivujia hapo, zitapita ampea 11 na nusu tu. Sakiti breka ya soketi, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 20 au 32, haitatambua kwamba kuna jambo. Breka huwekwa ili kuulinda waya usiungue. Kumlinda mtu si kazi yake.

Kwa sababu hiyo aliongeza katika meinswichi kifaa ambacho hulinganisha umeme unaoingia na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, hukata umeme wote kwa muda usiofika nusu sekunde. Kifaa hicho kina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu. Umeme ukikatika, kizima. Usipokatika, mwite fundi siku hiyo hiyo.

Mazoea ya kuyaacha leo

Yako mambo ambayo hayahitaji fundi wala fedha. La kwanza ni njiti ya kibiriti. Soketi ya matundu matatu ina vifuniko ndani, na tundu la juu ndilo linalovifungua. Viliwekwa ili mtoto asiingize msumari. Nasi, kwa kuwa chaja zetu nyingi zina miguu miwili, tunaingiza njiti, kalamu au bisibisi katika tundu la juu ili kuvifungua, tena tunafanya hivyo mbele ya watoto hao hao. Mtoto aliyeona mara tatu hahitaji kufundishwa ya nne. Nunua adapta.

La pili ni kuipa soketi mzigo kupita kiasi. Plagi na soketi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000. Jagi la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikichomekwa kwenye ekstensheni moja, mpaka umekwisha kuvukwa, nawe hujaweka hata kitu kimoja cha tatu.

La tatu ni fyuzi iliyomo ndani ya plagi. Ikiungua, imekufa kwa niaba yako. Badala yake usiweke karatasi ya fedha ya paketi ya sigara wala kipande cha waya. Weka fyuzi yenye kipimo kile kile.

Na ikiwa mtu amenaswa na umeme, usimshike. Zima meinswichi kwanza. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu nawe umesimama juu ya kitu kikavu, kisha mkimbize hospitali hata kama anasema hajambo. Moto ukizuka, namba ya Zimamoto ni 114.

Kwa ndugu wapangaji

Najua wasomaji wangu wengi wamepanga, pengine familia sita kwa mita moja, na mwenye nyumba anaishi mbali. Hawawezi kukita fimbo katika kiwanja cha mtu. Lakini wanaweza kuuliza maswali mawili kabla ya kulipa kodi: ethi rodi iko wapi, na kitufe cha T kiko wapi. Mwenye nyumba asiyejua jibu atalitafuta, hasa akiulizwa na wapangaji sita kwa siku moja. Tunakagua choo, tunakagua bomba, tunakagua paa. Tujifunze kukagua na ukuta.

Tulipowasha umeme jioni ile, mzee aliweka mita yake kati ya bodi ya friji na sakafu. Ikasoma sifuri. Kisha akanishauri nilipeleke friji likatengenezwe, kwa kuwa ethi humlinda mtu lakini haiponyi mota. Nikafanya hivyo.

Binti yetu kwa muda wa wiki mbili alikataa kulikaribia. Alikuwa akimwomba kaka yake amletee maji. Juzi nilimwona amesimama mbele yake miguu mitupu, akaunyosha mkono, akaugusa mpini kwa kidole kimoja, akangoja. Kisha akaufungua mlango. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu, naye alikuwa ameacha kupumua.

Kandambili tumezirudisha kwenye mlango wa bafu. Wewe je, za kwako ziko wapi?

Hadi Jumapili ijayo.